Nimeangalia muvi ya mwaka 1902 ya kwenda mwezini: mara ya kwanza nilisinzia, mara ya pili nyumba nzima ikacheka

Kijiti cha Ubuyu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Mimi ni mgonjwa wa muvi za anga, za maroketi na viumbe vya ajabu. Mwezi uliopita jamaa mmoja kazini akanichokoza: "Unajifanya mjuzi, bibi yao wote umemwona?" Alikuwa anaizungumzia Le Voyage dans la Lune, yaani Safari ya Mwezini, ya Mfaransa Georges Méliès, mwaka 1902. Niliona aibu. Ile picha yake maarufu ya mwezi wenye uso wa mtu uliotobolewa jicho na chombo mfano wa risasi nimeiona mara mia, lakini muvi yenyewe sijawahi kuigusa.

Usiku huohuo nikajilaza kitandani na simu. Wakuu, nisiwadanganye, dakika ya tatu macho yakaanza kufumba. Kamera imeganda kama imepigiliwa misumari. Watu wanaonekana wote kwa mara moja, kuanzia kisigino hadi kofia, hakuna uso unaosogezwa karibu ukauzoea. Wazee wenye kofia ndefu za kichawi wamejaa ukumbini, wote wanarusha mikono kwa wakati mmoja, mmoja anachora ubaoni, mwingine anapinga, anarushiwa makaratasi. Stelingi ni nani? Adui ni nani? Hakuna sauti, hakuna hata maandishi ya kukusogeza. Nilizinduka simu imeniangukia puani.

Nikaandika kazini kwamba nimeiona na ni ya kawaida sana. Uongo mtupu.

Jumapili nikaenda kwa dada yangu. Pale kuna mpwa wangu yupo kidato cha pili, kipaji chake ni kuigiza wale watafsiri wa muvi wa kwenye vibanda umiza. Nikaiweka kwenye runinga kwa utani tu. Akauliza, "Mjomba, mbona hawaongei?" Nikamwambia hii ni filamu bubu. Akasema, "Basi wacha niwape midomo." Akachukua mwiko jikoni ukawa maiki, akasimama kando ya runinga.

Hapo ndipo nilipoiona hii muvi kwa mara ya kwanza.

Yule kiongozi wa wanajimu, mzee mwenye ndevu nyeupe, dogo akambatiza palepale "Profesa Mandevu". Baadaye nikagundua kwamba jina lake halisi, Barbenfouillis, kwa Kifaransa linacheza na maana ya ndevu zilizovurugika. Dogo hajui hata neno moja la Kifaransa. Na Profesa Mandevu ni Méliès mwenyewe, ameelekeza na kucheza humohumo.

Basi ule mkutano ulionilaza usingizi ukawa kikao cha ukoo kinachogombania mchango wa safari. Chombo kinatengenezwa kwa nyundo kama sufuria, kinaingizwa kwenye mzinga, mabinti waliovaa kibaharia wanakisukuma huku wanatupungia sisi watazamaji. (Hawa walikuwa wachezaji wa jukwaani wa Théâtre du Châtelet pale Paris. Wale viumbe wa mwezini wanaorukaruka ni wanasarakasi wa Folies Bergère.) Mzinga ukalipuka, mwezi ukaanza kuja, unakuja, unakuja, dogo anahesabu pumzi, paaa! Jicho. Watoto wa jirani walikuwa wameshajaa mlangoni, na kelele walizopiga mngedhani Taifa kuna bao.

Halafu dogo akakwama. Chombo kimeshatua jichoni, mara tunakiona kinatua tena, safari hii kwenye ardhi ya mwezi. Mtu wa leo anasema mhariri amekosea. Kumbe Méliès hakuwa anafuata saa kama sisi. Kwanza anakupa tukio kwa utani, lilivyoonekana kutoka mbali, kisha anakupa lilelile kwa walioko ndani ya chombo. Dogo alijiokoa: "Turudie kidogo kwa waliochelewa!" Mtu aliyelala, kama mimi, anaona kosa. Mwenye msimulizi anaona hadithi imekaa sawa.

Wakashuka, wakageuka, Dunia inachomoza kwenye upeo wa mwezi. Dogo akanyamaza kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Pale ndiyo kwetu." Wakuu, hii ni 1902. Binadamu wa kwanza kuiona Dunia ikichomoza kwa macho yake ni wale wa Apollo 8, Desemba 1968. Miaka 66 baadaye.

Nikaenda kusoma, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Enzi hizo picha haikuachwa iende peke yake. Ufaransa alikuwepo mtu wa kusimama kando ya pazia na kusimulia, wakimwita bonimenteur. Japani kulikuwa na benshi, na baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji wenyewe. Méliès hakuweka maandishi kwenye hii filamu kwa sababu alitegemea kuna mdomo wa mtu ukumbini. Kwa hiyo mimi na simu yangu kitandani tulikuwa tunaangalia nusu ya kazi. Ni sawa na kupigiwa taarabu bila mwimbaji halafu ukalalamika kwamba haina maneno.

Na sisi tuliokulia kwa Lufufu na wenzake, wale watafsiri wa muvi, tunamjua huyo mtu! Tunajua anavyobadilisha majina, anavyotia chumvi, anavyokwambia "angalia mkono wa kushoto" kabla jambo halijatokea. Wazungu wanasomea vyuoni jinsi babu zao walivyokuwa wanaangalia sinema, wakati mpwa wangu anaifanya na mwiko.

Naomba michango. Na kuna jambo limenikaa: mama mkwe wa dada alikuwa pembeni anachambua mchele, hakucheka sana. Wanajimu walipoanza kuwapiga wale Waselenia, yaani wale viumbe wa mwezini, kwa miavuli, kila anayepigwa anageuka moshi, akauliza, "Sasa hawa wenyeji wamekosa nini?" Sikuwa na jibu.

---

Nyundo255

Mkuu nimesoma yote, hongera kwa dogo. Swali: mimi nimeipata ya dakika 9 na ushei, jamaa yangu anayo ya dakika 16. Nimepigwa? Yangu imekatwa wapi?

---

MzeeWaReli

Nyundo mwanangu, hujakatwa kitu. Ujana wangu nimewahi kuwa msaidizi kwenye gari la sinema, lile la kuzungukia vijijini, ngoja nikueleze.

Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, na mashine ya kuonyesha pia. Hakukuwa na mwendo mmoja uliokubalika. Wengi walikaa kwenye picha 14 hadi 16 au zaidi kidogo kwa sekunde. Sauti ilipoingia ikalazimisha picha 24, maana sauti haivumilii mkono unaochoka. Sasa chukua kikokotozi. Nakala ya rangi ya filamu hii ina vipande vya picha 13,375. Gawa kwa 14, unapata sekunde 955, yaani karibu dakika 16. Gawa kwa 24, unapata 557, dakika 9 na ushei. Utepe ni uleule, aliyeweka yako kaupitisha kwa mwendo wa mashine za kisasa.

Ndiyo maana vijana mnadhani watu wa zamani walikuwa wanatembea kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Hawakuwa hivyo. Ni nyie mnawakimbiza.

---

Otis wa Ziwani

Salamu kutoka Kisumu. Hii story imenibamba. Huku kwetu DJ Afro ndiye alitulea, na ukivuka mpaka Uganda kuna kina VJ Jingo. Mzee yeyote wa ushago ambaye hajui Kizungu wala Kichina ameshaona muvi kibao na akazielewa kwa sababu ya hawa majamaa.

Lakini kaka Kijiti, niulize. Dogo alikuwa anatafsiri nini, kama hakuna lugha? DJ Afro hata akiongeza chumvi, chini yake kuna dialogi. Huyo wako alikuwa anatunga tu.

---

Kijiti cha Ubuyu

Otis, umenishika pazuri. Lakini hata Lufufu, sehemu kubwa ya alichosema hakikuwa kinywani mwa mwigizaji. Tulimlipa kwa kile alichoongeza. Tofauti naiona ndogo.

---

Binti Pangani

Kaka Kijiti nimefurahia uzi, ila nitakupinga kidogo halafu nimjibu mama.

Kukupinga: usiseme bila msimulizi ni nusu ya kazi. Mimi niliiangalia ile ya rangi peke yangu, usiku, nikazima hata muziki waliouweka, na sikusinzia. Niliacha kutafuta hadithi nikaanza kutazama vitu. Mungu Saturn anachungulia dirishani kwenye sayari yake kama mzee aliyeamshwa na kelele za majirani. Nyota za Dubu zina sura za wanawake. Mwavuli unachomekwa pangoni, unaota, unakuwa uyoga mkubwa. Msimulizi angenipitisha hapo mbiombio.

Halafu mnapoitazama ya rangi kumbukeni hakuna mashine iliyoweka zile rangi. Paris kulikuwa na karakana za kupaka filamu, maarufu ni ya mama mmoja, Elisabeth Thuillier, iliyokuwa na wanawake zaidi ya 200. Kila mmoja alikuwa na rangi yake: huyu nyekundu, yule kijani, picha kwa picha, kila picha ndogo kuliko stempu. Hesabu ya Mzee ya 13,375 irudieni mkifikiria brashi. Ndiyo maana ukitazama vizuri rangi inatetemeka, haikai hasa ndani ya mstari. Hilo tetemeko mimi ndilo nililolipenda kuliko jicho la mwezi.

Sasa swali la mama. Wenyeji hawajakosa kitu, na nadhani filamu inajua hilo. Wageni wanafika, wanalala, wanaamka, mtu wa kwanza kujitokeza anapigwa mwavuli. Wanapelekwa kwa mfalme, Profesa anamnyanyua mfalme kutoka kitini anambwaga chini, pufu, moshi. Wanarudi nyumbani na mateka mmoja aliyeng'ang'ania nyuma ya chombo, wanamtembeza kwenye gwaride amefungwa kamba, anachezeshwa mbele ya watu. Mwisho Profesa anajengewa sanamu yenye maandishi ya Kilatini, Labor omnia vincit, kazi hushinda yote. Kazi gani? Ya kupiga watu miavuli? Mwaka huo 1902 bara letu lilikuwa limeshagawanywa, na Paris yenyewe ilikuwa na bustani ambamo watu wa makoloni walionyeshwa kwa kiingilio. Mtazamaji wa Paris alilijua gwaride la aina hiyo.

Kuna wasomi wanaosema Méliès alikuwa anawakejeli wakoloni, na mimi naelekea huko, kwa sababu kabla ya sinema alikuwa mchora vibonzo kwenye gazeti la La Griffe, akimshambulia Jenerali Boulanger aliyekuwa anataka ukubwa. Wale wanajimu wake ni vichekesho kuanzia mwanzo. Ila kejeli ina tatizo lake: watoto mlangoni kwa dada yako walicheka na nani?

---

Kijiti cha Ubuyu

Walicheka na Profesa, dada. Wote. Hata mimi.

---

Chuma Chakavu

Mnaipamba mno. Tuongee ukweli, hiyo muvi ya sayansi haina sayansi hata chembe. Watu wapo mwezini na makoti na miavuli, wanavuta hewa, theluji inawanyeshea, na kurudi duniani Profesa anakivuta chombo kwa kamba kutoka kwenye jabali KINAANGUKA hadi baharini. Kinaanguka! Kutoka mwezini! Mtoto wa darasa la nne anacheka.

---

Nyundo255

Mkuu Chuma, darasa la nne wakicheka si ndiyo kazi imefanikiwa?

---

MzeeWaReli

Chuma hajakosea, ila anamdai mtu asiye na deni. Méliès alikuwa mtu wa mazingaombwe. Tangu 1888 alimiliki ukumbi wa Robert-Houdin, ukumbi wa mazingaombwe, na alipojenga studio ya vioo pale Montreuil mwaka 1897 aliifanya jukwaa lake lilingane na lile la ukumbi wake. Ndiyo maana kamera haisogei, ni jicho la mtu aliyekaa katikati ya viti. Ule mwezi unaosogea, kamera ilikuwa palepale: aliyesogezwa ni mwigizaji, kwenye kiti juu ya reli, mwili umefunikwa kwa kitambaa cheusi, umebaki uso tu.

Na viumbe kugeuka moshi ni kitu rahisi hadi unaona aibu kutokukigundua. Simamisha kamera, wote mgande, Mselenia aondoke, weka moshi, endelea kuzungusha. Baadaye unakata picha zilizoharibika na kuunganisha. Mwenyewe alisimulia kwamba aliligundua kwa ajali: anapiga picha mtaani Paris, utepe ukakwama, alipokuja kuutazama basi la farasi limegeuka gari la maiti. Ukweli wa hadithi hiyo mwachieni mwenyewe, watu wa mazingaombwe hawasemi kila kitu.

Anayetaka sayansi aende mbele hadi 1929, Frau im Mond ya Mjerumani Fritz Lang. Pale walimwajiri Hermann Oberth, mtaalamu wa maroketi kweli, awe mshauri. Roketi ina hatua zaidi ya moja, na ile hesabu ya kurudi nyuma kabla ya kuruka, tano, nne, tatu, imeanzia sinemani humo ndipo watu wa maroketi wakaizoea.

---

Otis wa Ziwani

Wueh. Yaani hiyo "three, two, one" ni ya muvi? Leo nimelala nimejua kitu.

---

Nyundo255

Nimeitafuta habari ya huyu Méliès nikaishia kuumia. Muvi yake ilipigwa kopi Marekani kama CD za mtaani. Watu wa Edison, yule mvumbuzi, waliidurufu, Lubin, mfanyabiashara mwingine wa sinema, naye akaidurufu, wakauza, mwenye mali hapati kitu. Mwaka 1903 akamtuma kaka yake Gaston afungue ofisi New York kulinda haki, lakini farasi alishatoka zizini. Vita ya Kwanza ilipokuja, filamu zake nyingi ziliyeyushwa, sehemu ikaenda kwenye visigino vya viatu vya askari. Mwaka 1923 akiwa amefilisika, akazichoma mwenyewe zilizobaki mkononi. Mzee akaishia kuuza pipi na vinyago vya watoto stesheni ya Montparnasse hadi waandishi walipomkumbuka.

Hiyo ya rangi nayo ilidhaniwa imepotea moja kwa moja. Imeibukia Barcelona mwaka 1993, utepe umegandana kama jiwe. Wakaubandua kipande kwa kipande, kazi ya miaka, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes 2011. Kama mtu una mikanda ya harusi ya wazazi juu ya kabati, ishushe leo.

---

Binti Pangani

Nyundo, hilo la kabati limenigusa vibaya, nitarudi baadaye.

Mzee, kuna jambo la kwetu. Ile sinema ya Royal ya Zanzibar, aliyoichora J. H. Sinclair, ilifunguliwa 1921, wakati filamu zote bado ni bubu. Je, pale alikuwepo mtu wa kusimulia kwa Kiswahili? Bibi yangu alikuwa anasema "kwenda kusikiliza sinema", na tulikuwa tunamcheka.

---

MzeeWaReli

Mimi sijafika enzi hizo binti yangu, uzee una mipaka. Lakini kwenye gari letu la sinema kipaza sauti kilikuwepo, na bwana wa kukishika alikuwepo, hata filamu iwe na sauti yake ya Kiingereza. Akiugua yeye, onyesho lilidorora kuliko jenereta ikiugua.

---

Kijiti cha Ubuyu

Mrejesho wakuu.

Jumamosi tumepanda daraja, tumeweka Metropolis, ya huyohuyo Fritz Lang, 1927. Nakala ndefu ya karibu saa mbili na nusu, ile iliyokaribia kukamilika baada ya sehemu nyingi zilizopotea kupatikana Buenos Aires mwaka 2008. Watazamaji kumi na wawili, dogo na mwiko wake.

Sikusinzia hata bila dogo. Hapa kamera imejifunza: inasogea, inakimbia, inakuletea jicho la mtu hadi unaona machozi. Zamu ya wafanyakazi inabadilishana, wanaoingia na wanaotoka wote vichwa chini, wanatembea kwa hatua moja kama mnyororo. Shemeji yangu, ambaye anafanya kazi kiwandani, aliacha kula karanga. Mashine inapasuka, kijana wa tajiri anaiona imegeuka zimwi linalomeza watu. Bosi anaongea na msimamizi wake kwenye simu yenye picha, mwaka 1927! Na Brigitte Helm, binti wa miaka 18 tu, anacheza Maria wa kweli na Maria wa mashine. Yule wa mashine amemtofautisha kwa kope moja inayoshuka peke yake. Watoto walinyamaza wote.

Mwisho wake ndio umeniangusha: tajiri na msimamizi wa wafanyakazi wanashikana mikono, eti moyo umepatanisha kichwa na mikono. Shemeji akauliza, "Na mshahara?" H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya za sayansi, aliiponda alipoiona, na Lang mwenyewe alikuja kusema ule mwisho haumkai. Nikajisikia nina wenzangu.

Ila tatizo lilikuwa la dogo. Humu kuna maandishi kila baada ya muda, kila kitu kimeshasemwa. Akisema lake, maandishi yanamsuta na dada anamsomea tafsiri kwa sauti. Nusu saa akatupa mwiko: "Mjomba, hii imeshajisimulia yenyewe, mimi nafanya nini hapa?" Akaenda kukaa na wengine, akadai soda kwa kazi aliyokwisha kufanya.

Saa mbili usiku watoto wa jirani wakagonga. Wanataka ile ya mzee mandevu. Dogo akaokota mwiko.

---

Nyundo255

Kijiti, serious, dogo anachukua shilingi ngapi? Tuna kipaimara mwezi ujao na MC ametukimbia.